Unaingiza nyimbo kwenye flashi? Sawazisha sauti kwanza

Wadau, leo nina neno kwa sisi wenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Kusawazisha sauti sio ofa. Ni sehemu ya kazi ambayo mteja ameshakulipa.

Hapa Kivukoni wateja wengi ni bajaji, boda na watu wa redio za shambani msimu wa mpunga. Kwenye flashi moja mtu anataka vyote: Mbaraka Mwinshehe, kaswida, singeli, Bongo Fleva ya wiki hii. Rekodi nyingi za zamani sauti iko chini. Za sasa studio wanazikandamiza mpaka zinajaa mwanzo mwisho. Dereva anapandisha sauti amsikie Mbaraka, ikiingia singeli spika inalia na abiria anashtuka. Mkono unaenda kwenye redio wakati ulitakiwa uwe kwenye usukani. Na halaumu wimbo, analaumu flashi yako. Kesho yuko kibanda cha pili.

Dawa ipo na ni ya bure. Programu ya MP3Gain inapima kila wimbo unavyosikika, halafu inaupandisha au kuushusha ufike kiwango kimoja. Yenyewe imewekwa desibeli 89. Haitengenezi faili upya, kwa hiyo ubora haupungui, na ukitaka unarudisha ilivyokuwa. Nyimbo mchanganyiko tumia Track Gain. Albamu nzima tumia Album Gain, ili wimbo wa taratibu ubaki wa taratibu. Safu ya Clipping ikitoa Y, jua sauti itapasuka, shusha kiwango.

Fanya kwa folda lako lote mara moja, siku ambayo wateja ni wachache. Baada ya hapo ni nyimbo mpya tu. Kazi ya siku moja, unaiuza kila siku.

Najua mtaniambia: "Mteja anataka mzigo mzito, ukishusha atasema nyimbo hazina nguvu." Ni kweli, sikio linapenda kilicho juu. Lakini nguvu iko kwenye kitufe cha redio yake. Mwambie kabla hajaondoka: "Kaka, pandisha mara moja tu, mpaka mwisho wa safari hutagusa tena." Wanaopandisha kila kitu mpaka mwisho wanauza mikwaruzo, na spika ikiungua mteja anakumbuka nani alimwekea.

Kwa video MP3Gain haisaidii. Tumia FFmpeg, nayo bure, ina kichujio cha loudnorm kinachofuata kanuni ya EBU R128, waliyoitoa watangazaji wa Ulaya mwaka 2010. Inahitaji kuandika amri, ila ukishaihifadhi unainakili tu.

Msiongeze bei kwa hili. Nyimbo kila kibanda kinazo, hata simu ya mteja inazo. Kinachomrudisha kwako ni flashi inayopiga mpaka mwisho bila kumsumbua.

Anayebisha aseme hapa, tuelimishane.