Moyo uko mezani, maabara haiko



Juzi baada ya Maghrib mwanangu aliye Gredi ya 10 aliniomba simu. Akaielekeza kamera kwenye meza ya kulia, sahani za mahamri hazijaondolewa bado, na baina ya sahani pakatokea moyo wa binadamu, mwekundu, unapiga. Ulikuwa kwenye kioo cha simu tu, lakini ukizunguka meza waonekana hadi kisogoni, kama kitu kilichowekwa pale kweli. Bibi yake, tasbihi mkononi, alisema astaghfirullah, kisha akavuta kiti karibu ili aone vizuri. Kijana akatuonyesha vyumba 4 vya moyo, damu inavyoingia upande wa kulia, ikaenda mapafuni, ikarudi kushoto na kusukumwa mwilini.

Nilifurahi, wallahi. Furaha ikakatika nilipomuuliza lini watapasua moyo wa mbuzi darasani wauone wenyewe. "Abba, maabara haijawa tayari. Mwalimu amesema tutumie hii kwanza."

"Kwanza" hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Teknolojia yenyewe huitwa uhalisia ulioongezwa. Kamera huangalia mahali ulipo, programu ikapima meza iko wapi na simu imeinama vipi, kisha ikaweka picha juu ya kile unachokiona. Wengi wetu tushaitumia bila kujua jina lake. Mwaka 2017 Google walitoa chombo cha kutafuta kibla. Wanyanyua simu, na kwenye picha ya chumba chako waona mstari wa kuelekea Makka. Ni ufundi ule ule.

Na darasani una kazi nzuri, tusiubeze. Kazi yake ni kuonyesha kile ambacho jicho haliwezi kukiona, ama kwa udogo wake, ama kwa ukubwa, ama kwa sababu kimetoweka. Chukua mwezi. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia twagombana misikitini na kwenye baraza za kahawa: umeonekana, haukuonekana, wa huku, wa kule. Ugomvi wa kifiqhi nawaachia masheikh. Lakini mtoto akiliona jua, dunia na mwezi vikizunguka juu ya dawati lake, ataelewa kwa nini mwezi mwandamo hukaa karibu na jua na kuzama mapema, na kwa nini nchi zilizo magharibi yetu zaweza kuuona jioni ile ile ambayo sisi tumeukosa. Hapo hapo mwalimu amgeuzie somo la bahari. Jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja na dunia, mwezi mchanga au mpevu, ndipo tunapopata bamvua, na hapa Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Wavuvi wetu walijua haya kabla ya shule yoyote kufunguliwa. Mtoto wa mvuvi akiyaona kwenye kioo, ataona kuwa fizikia ni elimu ya kwao.

Kwenye historia pia. Mwaka 1697 meli ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama chini ya Fort Jesus wakati Waomani wameizingira ngome. Wataalamu walipiga mbizi kuichimbua kati ya 1977 na 1980, na mabaki yake yamelala humo humo majini. Watoto wetu huogelea karibu na hapo bila habari. Simu ikielekezwa baharini kutoka ukutani, meli hiyo yaweza kusimama tena mbele ya darasa zima. Ila mpaka mtu aichore, na mtu huyo atatoka wapi? Picha nyingi zilizopo zimetengenezwa mbali, kwa Kiingereza, na zina Wamisri na Warumi. Sina ugomvi na Warumi.

Kifaa ninachokipenda zaidi hakihitaji hata simu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walibuni sanduku la mchanga: juu yake kamera ya kupima urefu wa mchanga, na projekta inayoupaka rangi na mistari ya ramani. Mtoto akirundika mchanga, unakuwa mlima na mistari yake. Akichimba, pana ziwa. Akitandaza mkono juu, mvua inanyesha na maji yanateremka bondeni. Programu yake ni ya bure. Kompyuta yenye nguvu, projekta na kamera ni gharama, sikatai, lakini sanduku moja latosha shule nzima, na mchanga, alhamdulillahi, Pwani haujatupungukia.

Hayo ni mazuri yake. Sasa nirudi kwenye "kwanza".

Mimi nilifanya Kidato cha Nne mwaka 1998. Tulikuwa arobaini na ushei na hadubini 1. Siku ya mtihani wa vitendo wa kemia ndiyo iliyokuwa mara yangu ya pili kushika bureti. Asidi hudondoshwa tone kwa tone hadi rangi ya waridi itoweke, na ukizidisha tone moja hesabu yote imeharibika. Niliizidisha, kwa sababu mkono ulitetemeka. Mkono haufundishwi na picha. Asidi ya kwenye kioo haichomi wala haimwagiki, haina harufu, na daima hutoa jibu sahihi. Sikupata alama za kusomea nilichokitaka. Diploma niliipata baadaye kwa njia nyingine.

Serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari pevu wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026. Hofu yangu ni kuwa shule iliyo na maabara itatumia picha hizi kama nyongeza, na shule isiyo nayo itazitumia badala yake, kisha watoto wote wawekwe kwenye mizani moja. Picha ya moyo itakuwa kisingizio cha kutojenga.

Tena tuna kumbukumbu. Mwaka 2013 tuliahidiwa kompyuta za watoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 vishikwambi vikaja, zaidi ya milioni 1, vikapelekwa shule za msingi zaidi ya 20,000. Shule ngapi unazojua wewe ambako bado vinatumika? Vingi viliishia stoo, kwa kukosa mtu wa kuvitengeneza na mwalimu wa kuviamini.

Picha hizi zina ugonjwa wao pia. Simu nyingi za bei nafuu hazina kihisio cha kujua simu inageukia wapi, basi moyo ule kwenye simu ya jirani yangu haukutokea kabisa. Na wenye programu hufunga duka wakitaka. Google waliifunga Expeditions, iliyokuwa ya mashuleni, mwaka 2021. Meta nao walifunga Spark Januari 2025, na walioitengenezea picha zao wakabaki kuangalia.

Kwa hivyo sitamkataza kijana simu, wala simlaumu mwalimu wake. Amefanya alichoweza kwa alichonacho. Jumamosi tuna mkutano wa wazazi. Nitauliza mambo mawili: maabara inaanza kujengwa tarehe gani, na mbunge wetu ametenga kiasi gani kwenye NG-CDF kwa ajili yake. Wakati tunasubiri, shule jirani ina maabara inayokaa tupu alasiri. Nimeshazungumza na wazazi 6 tuchange nauli ya matatu, watoto wawe wakienda huko Jumatano. Mbuzi tutapata kwa mchinjaji wa mtaani. Moyo ameshasema atautoa bure.