Lango Moja, Serikali Mbili, Hakuna wa Kujibu

Juni 24, 2022, watu wapatao 2,000, wengi wao Wasudani, waliteremka kuelekea Melilla, mji wa Hispania uliopakana na Morocco katika ardhi ya Afrika. Mamia walibanwa kwenye kituo cha mpakani cha Barrio Chino, mabomu ya machozi yakiwaangukia. Morocco ilikiri vifo 23. Mashirika ya haki za binadamu yanataja idadi kubwa zaidi, na mwaka mmoja baadaye watu zaidi ya 70 walikuwa bado hawajulikani walipo.

Waziri Mkuu Pedro Sánchez aliwasifu askari wa Morocco. Siku chache baadaye akasema wakati ule alikuwa hajaona picha. Waziri wake wa Mambo ya Ndani, Fernando Grande-Marlaska, alishikilia kwamba hakuna aliyefia katika ardhi ya Hispania. Kufika Desemba, waendesha mashtaka wa Hispania wakafunga jalada. Nchini Morocco kesi zilikwenda mbio, ila waliofungwa ni wahamiaji walionusurika.

Hoja hiyo ya ardhi ni ujanja mtupu. Askari wa Morocco waliachiwa wavuke hadi upande wa Hispania na kuwaburuta watu warudi nao, na ofisi ya Hispania inayopokea malalamiko ya wananchi ilibaini kuwa watu 470 walirudishwa bila utaratibu wa kisheria. Kufukuza walishirikiana. Ilipofika zamu ya kuhesabu maiti, kila mmoja akakumbuka mpaka wake.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya imechangia kutowajibika huku. Mwaka 2020 iliipa Hispania ushindi, ikisema waliopanda uzio wa Melilla wangetumia njia halali. Njia ipi, kwa Msudani asiyeweza hata kulisogelea dirisha la maombi ya hifadhi? Hata hivyo mahakama hiyohiyo, Julai 2022, iliiamuru Ugiriki iwalipe manusura na jamaa euro 330,000 kwa boti iliyozama karibu na Farmakonisi mwaka 2014 na kuua watu 11. Ilichukua miaka minane, lakini serikali iliwajibishwa.

Kenya, wakati huo ikiwa katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ililaani ukatili wa Melilla kupitia balozi wake Martin Kimani na kuomba baraza likutane. Serikali za Afrika zidai zaidi ya kikao: video zote za kamera za mpakani, na vipimo vya vinasaba ili familia za Sudan zijue nani amezikwa wapi.