Kusifu Si Kuremba

Ndugu washairi, tumezoea kudhani kwamba kumsifu mtu ni kuzificha kasoro zake. Toshusai Sharaku wa Japani alikuwa na rai nyingine. Mwaka 1794, mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, alianza kuwachora waigizaji wa kabuki kwa picha zilizochongwa katika mbao kisha zikachapwa karatasini. Jukwaa la kabuki lilikuwa la wanaume watupu, kwani wanawake walipigwa marufuku mwaka 1629. Wachoraji wengine waliwaremba wanaume walioigiza wanawake hata wakafanana na wanawali. Sharaku aliuacha uso wa kiume uonekane chini ya poda: taya pana, pua ndefu, dalili za uzee. Otani Oniji wa Tatu, akiigiza mtumishi mwovu, ametanua vidole na kukodoa macho. Uovu wasomeka kabla ya neno kutamkwa.

Baada ya miezi ipatayo kumi na picha zaidi ya 140, Sharaku alitoweka. Yasemekana ukweli wake uliwachukiza watu. Lakini waigizaji wake wangali hai machoni petu. Nasi tutungapo tenzi za sifa, tumtaje msifiwa pamoja na makovu yake, ili wajukuu wamtambue.