Mtoto Anaongea Kizungu, Bibi Anaongea Kihangaza: Nani Kamzingua Nani?

Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja. Bibi kakaa kwenye mkeka nje ya nyumba, Mugoma, kashika mkono wa mjukuu wake wa miaka mitano aliyetoka Dar. Anaongea naye taratibu, kwa Kihangaza, sauti ya chini kabisa. Mtoto anamwangalia, halafu anamgeukia mama yake aliyeshika simu na kumuuliza kwa Kizungu kilichonyooka: bibi anasema nini? Mama anacheka. Bibi naye anacheka, ila ukiiangalia mara ya pili unaona bibi anacheka kwa sababu wenzake wamecheka.

Mama wa mtoto mnamjua, hata kama jina halitajwi hapa. Ni yule dada wa vipodozi na mapishi, mwenye sauti ya kubembeleza, mzaliwa wa Mugoma wilayani Ngara, aliyekuja mjini baada ya Form Four na akatoboa kwa juhudi zake mwenyewe. Aliiposti kama kichekesho cha likizo, na vialama vya kucheka juu. Hakutegemea moto uliofuata.

Kambi zikawa mbili, kama kawaida ya mtandao. Kambi ya kwanza ikamchamba: eti kasahau alikotoka, eti amekula ndizi na maharage miaka yote leo anazaa Mzungu, eti bibi wa watu kageuzwa kuwa mapambo ya posti. Kambi ya pili ikaja kumtetea: acheni wivu, mtoto ana maisha mbele yake, hicho Kihangaza kitampa kazi wapi? Kuna ubalozi unatoa viza kwa Kihangaza?

Wote wamepiga pembeni. Na hii ishu ni kubwa kuliko dada mmoja na wafuasi wake, kwa sababu nusu ya waliokuwa wanachamba, wakipigiwa simu na bibi zao wa Rombo, wa Njombe au wa Tarime, wanampa mama simu waongee wao.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Huyu mtoto hana tatizo la lugha. Tayari anazo mbili. Baba yake ni mtu wa Tanga na nyumbani anaongea naye Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kile cha kwao, kitamu. Mama anaongea naye Kizungu tangu yuko tumboni, na shule ni ingilishi midiamu. Mtoto anacheza na watoto wa mtaani kwa Kiswahili, akiingia ndani anaomba juisi kwa Kizungu, hajachanganyikiwa hata siku moja. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba lugha nyingi zitamvuruga mtoto, ndani ya nyumba hiyohiyo imeshajibiwa. Kilichobaki ni kujua kwa nini ya tatu ilifungiwa mlango.

Kuna watakaosema basi bibi si aongee Kiswahili yaishe. Anaongea. Bibi ana Kiswahili cha sokoni, cha zahanati na cha kanisani. Anaweza kununua chumvi, anaweza kumwambia nesi mgongo unauma. Lakini kumsimulia mtoto hadithi ya usiku, kumtania, kumwambia "unafanana na babu yako ambaye hukumwona", hayo yote yako kwenye Kihangaza. Akihamia Kiswahili anakuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe, anachagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mtu mzima wa miaka sabini na kitu hawezi kuanza kujifunza kumpenda mjukuu kwa lugha ya kuazima.

Sasa tuje kwa mama. Kumwita mshamba aliyejikweza ni rahisi. Ila miezi michache kabla ya hiyo klipu alishafunguka kwenye laivu moja, na wengi walikuwa wanasubiri tu asema anatumia mafuta gani ya uso, hawakusikiliza. Alisema Kihangaza alianza kukificha akiwa sekondari.

Ambaye hajafika Ngara hawezi kuelewa hapo, kwa hiyo kidogo tu. Ngara inapakana na Burundi na Rwanda. Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, ukisema "umwana" wote hao wanajua unamtaja mtoto, na Muha wa Kigoma naye yumo. Mpaka uliwekwa na wakoloni, lugha ilikuwepo kabla yao. Kisha ikaja historia. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa kama 24 hivi, na jina la Ngara likajulikana dunia nzima kwa makambi. Radio Kwizera, ambayo leo vijana wa Kagera wanaisikiliza kwa muziki na taarifa ya habari, ilianzishwa mwaka 1995 katika hali hiyo ya wakimbizi. Baada ya hapo, mtu yeyote mwenye lafudhi ya kule akifika mjini swali la kwanza ni moja: wewe Mrundi?

Halafu 2013. Julai mwaka huo Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa siku chache watu wanaoishi nchini bila kibali waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa, na malalamiko yakawa kwamba hata Watanzania halisi walikumbwa. Dada wetu alikuwa binti wa sekondari kipindi hicho. Alisimulia kwamba aliteremshwa kwenye basi yeye na mama yake mdogo, wakaulizwa maswali, na mama mdogo alipomjibu mtoto wake mgongoni kwa Kihangaza, maswali yakaongezeka. Waliachiwa. Lakini tangu siku hiyo, alisema, kwenye basi alikuwa anaongea Kiswahili tu, tena kwa sauti ili watu wasikie.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia "umekataa kwenu kwa sababu ya ushamba wa mjini" unamwonea. Kuna wanaoacha lugha kwa kujidai, wapo, na Dar wamejaa. Huyu aliiacha kwa sababu alijifunza mapema kwamba inaweza kumshusha kwenye basi.

Na Kizungu nacho kina historia yake. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia Form One akakuta kila kitu kimegeuka Kizungu isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Fizikia Kizungu, Baiolojia Kizungu, mwalimu naye anahangaika. Kila aliyesoma shule ya kata anaijua hiyo miezi ya mwanzo, unaandika ubaoni usichokielewa na unakariri kama wimbo. Akaapa mwanae hatapita hapo. Hiyo si dhambi. Mzazi yeyote mwenye uwezo wa kulipa ada ana haki ya kufikiria hivyo.

Pamoja na hayo yote, kakosea. Na kosa lake halipo kwenye Kizungu alichompa mtoto.

Kosa lipo jikoni. Mtu wa karibu na familia anasema mtoto huyu, alipokuwa na miaka miwili na nusu hivi, alikuwa ameanza kuitikia kwa Kihangaza. Si kwa mama, kwa dada wa kazi. Dada alitokea Biharamulo, Msubi, na Kisubi na Kihangaza ni ndugu, watu wake wanaelewana bila mkalimani. Dada alikuwa akimwogesha mtoto anamwimbia, akimlisha anamsemesha, na mtoto akawa anajibu. Neno moja, mawili, baadaye sentensi nzima. Bure kabisa. Hakuna ada, hakuna sare, hakuna basi la shule.

Mama aliposikia akakasirika. Akamwambia dada asimharibu mtoto, aongee naye Kiswahili tu kama Kizungu hawezi. Dada akanyamaza. Na akanyamaza kweli, maana mtu ukimkataza lugha yake akiwa na mtoto anabaki na "njoo", "kaa", "kula". Mwaka uliofuata akaondoka.

Hapo ndipo hata walioko kambi ya kumtetea wanapaswa kukaa kimya kidogo. Nyumba ilikuwa na watu watu wazima watatu na lugha tatu, kila mtu na yake, na ndivyo wataalamu wanavyoshauri wengine wahangaike kupata. Kuna Mfaransa mmoja, Jules Ronjat, mtaalamu wa lugha, ambaye mke wake alikuwa anaongea Kijerumani. Walipopata mtoto, rafiki yake Maurice Grammont akamshauri: kila mzazi ashike lugha yake, asichanganye. Baba Kifaransa, mama Kijerumani. Mtoto akakua na zote mbili, na Ronjat akaandika kitabu juu ya hilo mwaka 1913. Zaidi ya miaka mia sasa. Mwaka 1962 huko Montreal, Kanada, watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert wakawapima watoto wa miaka kumi, na wale wenye lugha mbili hawakuachwa nyuma kabisa, walifanya vizuri kuliko wenye moja. Wakati Wafaransa wanaandika vitabu, sisi tulikuwa na dada wa kazi anaifanya kazi hiyohiyo kwa mshahara mdogo, na tukamwambia anaharibu mtoto.

(Kwa pembeni: kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, mastaa haohao wanaposti bendera na maneno matamu ya kuenzi lugha yetu, kisha chini yake wanaweka alama za reli za Kizungu kumi na mbili. Tuendelee.)

Ugumu wa Kihangaza ni kwamba hakina katuni. Hakina shule, hakina programu ya simu ya kumfundisha mtoto rangi na namba. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliwahi kutoa msamiati wa Kihangaza, kitu kizuri, lakini mtoto wa miaka mitano hawezi kulala na msamiati. Kizungu ukikisahau leo utakikuta kesho, kimejaa YouTube, kimejaa shuleni, kimejaa kwenye makopo ya maziwa. Kiswahili nacho kipo mtaani, kinajilea chenyewe. Kihangaza kipo midomoni mwa watu tu, na kwa huyu mtoto watu wenyewe walikuwa wawili: dada, na bibi aliye mbali zaidi ya kilomita 1,200, kupita Kahama, kupita Nyakanazi, hadi Benaco na kuendelea.

Mama mwenyewe anacho. Anacho chote, hakijaenda popote. Angalia klipu tena: bibi anapomwambia yeye neno moja pembeni, anajibu haraka, kwa Kihangaza, bila kufikiri, sauti inabadilika kabisa. Hana ile sauti ya vipodozi. Ni sauti ya binti wa Mugoma. Mtoto anamtazama mama yake pale kama anamwona mtu mwingine, na kamera inatikisika.

Hilo ndilo lililofanya watu wengi wairudie ile klipu, hata kama komenti zilikuwa za matusi.

Inasemekana tangu warudi Dar kuna kitu kimebadilika. Jioni mtoto anawekewa ujumbe wa sauti wa bibi kwenye WhatsApp, anausikiliza na kuurudia, anakosea, anacheka, mama anamrekebisha. Bibi kule hana simu janja, anatumia ya mjukuu wake mwingine anayesoma Kabanga, kwa hiyo siku nyingine ujumbe hauji. Mama pia amemtafuta yule dada wa Biharamulo arudi, safari hii kwa mshahara wa juu na ruhusa ya kuongea atakavyo.

Dada yuko Nyakanazi, ana kibanda cha chai na chapati karibu na stendi. Kajibu kwamba anashukuru, mtoto amsalimie sana, ila harudi.