Ufikiaji Huria na Suala la Lugha: Funzo kutoka Indonesia

Katika mijadala ya siku hizi kuhusu uchapishaji huria, yaani utaratibu unaomwezesha msomaji kupata makala ya kitaaluma mtandaoni bila malipo, kizuizi kinachotajwa kwanza, na mara nyingi pekee, ni fedha. Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu tamko la Budapest la Februari 2002. Maoni yetu katika makala haya ni kwamba hoja ya fedha, ingawa ni ya kweli, imekifunika kizuizi kingine ambacho mwanaisimu hana budi kukisemea, nacho ni lugha. Bara la Asia linatupa ushahidi wa kutosha.

Tuanze na fedha zenyewe, kwani hazipuuziki. Mnamo Novemba 2024 baraza la mawaziri la India liliidhinisha rupia bilioni 60 kwa miaka mitatu, 2025 hadi 2027, ili taasisi za umma zaidi ya 6,300 zipate kusoma takriban majarida 13,000 ya wachapishaji 30. Ni hatua kubwa, lakini aliye nje ya taasisi hizo hubaki nje, na mkataba ukiisha bei hujadiliwa upya. Japani imeshika njia nyingine: kuanzia mwaka wa fedha 2025, makala yatokanayo na ruzuku za serikali za ushindani hutakiwa kuwekwa wazi katika hazina za machapisho mara tu yanapochapishwa. Njia hii tunaiona bora zaidi, kwa kuwa kinacholipiwa na umma hurudi kwa umma.

Wala isidhaniwe kuwa unyonyaji ni wa kampuni za Magharibi tu. Nchini China, hazina kuu ya makala iitwayo CNKI ilitozwa faini ya yuani milioni 87.6 mwezi Desemba 2022 kwa kutumia vibaya nguvu zake sokoni. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imebainika kwamba profesa mmoja mstaafu, mwenye umri wa miaka 89, aliishtaki na kulipwa fidia ya zaidi ya yuani 700,000: makala yake zaidi ya mia moja yalikuwa yakiuzwa humo bila idhini yake, na yeye mwenyewe alitakiwa kulipa ili kuyapakua. Hapa lugha ni ya nyumbani na mchapishaji ni wa nyumbani, na mlango umefungwa vilevile.

Indonesia ndiyo inayotuhusu zaidi. Mapema mwaka 2012 waraka wa idara ya elimu ya juu ulitaka kila mhitimu wa shahada ya kwanza awe amechapisha makala katika jarida la kitaaluma, wa uzamili katika jarida la kitaifa, na wa uzamivu katika jarida la kimataifa. Waraka ulipingwa, na kwa sababu nzuri. Hata hivyo, idara za vyuo zilikuwa na programu ya OJS, iliyobuniwa Kanada na kutolewa bure, nazo zikaanzisha majarida yao kwa wingi. Leo nchi hiyo ni miongoni mwa zinazoongoza duniani kwa idadi ya majarida yaliyomo katika DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida huria. Mengi huendeshwa na walimu wenyewe, na ada zake, pale zinapotozwa, ni ndogo mno zikilinganishwa na yuro 9,500 ambazo jarida la Nature lilianza kumtoza mwandishi mwaka 2021. Ikumbukwe pia kwamba katika kampuni nyingi kubwa mtafiti wa Jakarta hapati hata msamaha au punguzo la ada ambalo mwenzake wa Dar es Salaam huweza kuliomba.

Je, majarida hayo yaandikwe kwa lugha gani? Sheria iko wazi. Sheria Namba 24 ya mwaka 2009, kifungu cha 35, inaagiza Kiindonesia kitumike katika kuandika na kuchapisha kazi za kitaaluma nchini, huku lugha za kigeni zikiruhusiwa kwa madhumuni maalumu. Hii ndiyo lugha iliyotangazwa kuwa ya umoja katika Kiapo cha Vijana cha 1928, lugha ya biashara ya pwani iliyogeuka kuwa ya taifa; msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa ufanano huo. Lakini miongozo ya kupandishwa cheo ililieleza jarida la kimataifa kuwa ni lile linalotumia mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Kisha kanuni ya wizara ya mwaka 2017 ikaifunga posho ya maprofesa na uchapishaji katika majarida ya namna hiyo. Sheria ya nchi yasema hivi, mshahara wasema vile. Na tunajua mwalimu mwenye watoto shuleni atausikiliza upi. Majarida yaliyokuwa ya Kiindonesia yamekuwa yakihamia Kiingereza ili yapate kuorodheshwa katika Scopus.

Wapo watakaosema kuwa Kiingereza humpa mtafiti wasomaji wengi. Kwa fizikia hatubishi. Lakini makala kuhusu lahaja za Sulawesi, au kuhusu malezi ya watoto wachanga vijijini Java, wasomaji wake wa kwanza ni walimu na wauguzi wa huko huko. Kwao jarida la bure la Kiingereza na jarida ghali la Kiingereza hutofautiana kidogo sana.

Kiswahili nacho hakimo katika zile lugha sita. Kamati za vyuo vyetu zinapopima kazi za wahadhiri, makala ya Kiswahili iliyohakikiwa na wataalamu wawili ipewe alama zilezile za makala ya Kiingereza iliyopitia uhakiki wa namna hiyohiyo, na jambo hilo liandikwe katika kanuni, lisiachiwe hisani ya mwenyekiti.