Tamko Kuhusu Malipo ya 15 Juni na Nafuu ya Kodi kwa Wamiliki wa Kampuni Ndogo California

Sisi, chama cha wafanyabiashara wadogo tuliotoka Afrika Mashariki na kuweka makazi California, tunatoa tamko hili kwa Bunge la jimbo, kwa Franchise Tax Board inayosimamia kodi ya mapato, na kwa wanachama wetu.

Wengi wetu tuna kampuni za ubia, LLC au mashirika ya aina ya S. Kwa kawaida, kodi ya serikali kuu hailipwi na kampuni hizi. Faida humfikia mmiliki, naye ndiye anayeilipia. Tangu 2018 mmiliki huyo amewekewa kikomo cha kodi za jimbo anazoruhusiwa kuzitoa kwenye mapato yake: dola 10,000, zilizopandishwa hadi 40,000 mwaka 2025 na zitakazorudi 10,000 mwaka 2030. Novemba 2020 IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ilikubali kwamba kampuni yenyewe ikilipa kodi ya jimbo, kikomo hicho hakihusiki. California ikafuata Julai 2021: kampuni ikitaka, inalipa asilimia 9.3 ya faida ya wamiliki walioridhia, na kila mmoja anapata nafuu ya kiasi hicho kwenye kodi yake ya jimbo.

Mpango huu umetusaidia. Kinachotuumiza ni kalenda yake.

Ifikapo 15 Juni kampuni inatakiwa iwe imelipa dola 1,000 au nusu ya kodi hii ya mwaka uliotangulia, kiasi chochote kilicho kikubwa. Hadi mwaka wa kodi 2025, aliyechelewa au kupunguza malipo hayo alipoteza mpango mzima kwa mwaka huo. Sheria iliyopitishwa Juni 2025, inayouendeleza mpango kuanzia 2026 hadi 2030, imeufuta ukali huo, na tunalishukuru Bunge. Lakini imeleta makato mengine: nafuu ya mmiliki inapunguzwa kwa asilimia 12.5 ya sehemu yake ya fedha ambazo hazikulipwa siku hiyo.

Chukua nyumba ya kulea wazee ya vitanda sita, yenye wabia wawili. Mwaka jana ilipata faida ya dola 200,000 na kulipa kodi hii dola 18,600. Mwaka huu vitanda viwili vimekaa vitupu tangu Februari, na faida inaelekea 60,000. Kodi ya mwaka mzima itakuwa 5,580, ila Juni wanadaiwa 9,300. Wakilipa, dola 3,720 za ziada zinabaki serikalini hadi kampuni iwasilishe hesabu zake mwaka unaofuata, huku mishahara ikidaiwa kila baada ya wiki mbili. Wasipolipa Juni, hata wakimaliza deni lote baadaye, wanapoteza dola 1,162.50, zaidi ya sehemu moja ya tano ya nafuu yao. Na siku hiyo hiyo ya 15 Juni kila mbia anatakiwa kulipa awamu ya pili ya kodi yake binafsi, ambayo California huihesabu kuwa asilimia 40 ya makadirio ya mwaka.

Tunaomba kampuni iruhusiwe kulipa Juni nusu ya makadirio ya mwaka huu, pale yanapokuwa chini ya kodi ya mwaka jana. Si jambo geni: New York huanza kudai malipo mapema zaidi, mwezi Machi, lakini inakubali kukokotoa kwa kodi ya mwaka unaoendelea. Pia tunaomba atakayekuwa amelipa yote ifikapo 31 Desemba asikatwe nafuu. Atozwe riba ya kuchelewa, basi. Jimbo halitapoteza, kwa kuwa kampuni nyingi zinazohesabu fedha zinapotoka hulipa kabla ya Januari kwa hiari yao, ili malipo yatambuliwe na IRS katika mwaka huo.

Kwa wanachama: sheria ni ile ile hadi ibadilishwe. Angalieni kodi mliyolipa mwaka jana kwenye Fomu 3804, gawanyeni kwa mbili, na mlipe kiasi hicho au dola 1,000, chochote kilicho kikubwa, kwa Fomu 3893 kabla ya 15 Juni. Msichanganye na ada ya LLC inayolipwa kwa Fomu 3536, maana tarehe zake zinagongana.