Swali la Mtoto Kuhusu Kiti



Wengi wetu tumezoea kuona kitambi ni dalili ya neema. Mtu akinenepa tunamwambia, "Maa shaa Allah, umependeza." Hata sisi walimu wa madrasa tulizipokea sifa hizo kwa furaha, mpaka mmoja wetu alipoanza kuswali juu ya kiti kwa maumivu ya magoti. Siku moja mtoto wa darasa la Alif akamuuliza mbele ya wenzake, "Ustadhi, mbona wewe husujudu chini?"

Jibu la kifiqhi lipo, na mtoto alipewa: mgonjwa huswali kadiri awezavyo. Lakini mwenye kiti hakulala usiku ule. Alijua ugonjwa wake ulianzia kwenye sahani.

Hapa Kolandoto tuna hospitali na chuo cha afya, kwa hiyo hatuna udhuru wa kutojua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban watu wazima 9 katika kila 100 nchini walikuwa na kisukari. Ustadhi alikwishaambiwa kliniki apunguze uzito, akaitikia tu. Kilichomwamsha ni sauti ya mtoto.

Akaacha bodaboda, akawa anakuja kwa miguu. (Wazee wetu walikwenda Shinyanga mjini kwa baiskeli, sisi hata dukani tunapakiwa.) Ugali akaupunguza nusu, mlenda akauongeza, chai akanywa bila sukari, Jumatatu na Alhamisi akafunga. Wengine tukamfuata, baadhi yetu kwa aibu tu.

Hadithi ya theluthi tatu, ya chakula, maji na pumzi, iliyomo katika Tirmidhi, tunaisomesha kila mwaka. Kisha siku ya Maulidi tunalivamia sinia la pilau kana kwamba hatukuisoma. Na Ramadhani ndiyo aibu zaidi: wapo wanaotoka katika mwezi wa kufunga wakiwa wazito kuliko walivyoingia, kwa maandazi, tambi na sharubati. Wala tusiwasingizie kina mama wanaopika. Mkono unaorudi sahanini ni wetu.

Kiti kile bado kipo pembeni, anakitumia mzee mmoja mwenye haja nacho kweli. Ustadhi alirudi chini tangu Rajab, ingawa bado anainuka kwa kushika ukuta. Mtoto mwenyewe ameshalisahau swali lake.

Wabillahi tawfiq.